Shirikisho, Jumuiya au Ushirika? Suala la Umoja wa Afrika Mashariki katika Istilahi na Historia Yake

1. Utangulizi

Swali la kama nchi jirani ziungane katika jumuiya moja huulizwa kwa kawaida mbele ya wanauchumi na wanasheria, nao hulijibu kwa takwimu za biashara na vifungu vya mikataba. Makala haya yanalitazama swali hilo kutoka upande ambao haujapewa uzito unaostahili, yaani upande wa lugha: maneno yanayotumiwa na Waafrika Mashariki kuuzungumzia umoja huo, na lugha ambamo masharti yake yameandikwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba majirani hawa wana sababu za kutosha za kuwa na jumuiya, lakini jumuiya hiyo haitasimama imara maadamu mgawanyo wa faida na hasara zake umeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wenye kuzibeba hasara hizo hawawezi kuisoma wala kuihoji.

Hekima ya Waswahili yenyewe haina jibu moja juu ya suala hili. Husemwa kuwa umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Husemwa pia kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hotuba za kisiasa hupenda kuitaja methali ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Historia ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, imezithibitisha zote mbili.

2. Maneno ya Umoja

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kimaana katika uwanja huu: umoja, muungano, ushirikiano, ushirika, jumuiya na shirikisho. Katika magazeti na hotuba maneno haya hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Uchunguzi wa maumbo yake unaonyesha kuwa sivyo.

Muungano na ushirikiano yana kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Katika maneno hayo kila upande ni mtenda na ni mtendwa. Hakuna muungano wa upande mmoja. Shirikisho, kinyume chake, limejengwa juu ya kauli ya kutendesha: shiriki, shirikisha, shirikisho. Katika kauli hiyo kuna anayeshirikisha na kuna anayeshirikishwa. Inaweza kudaiwa kwamba msemaji wa kawaida haivunjivunji nomino katika mofimu zake kila anapoitamka, na dai hilo ni la haki. Hata hivyo, mzizi huohuo ungali hai katika lalamiko linalosikika kila palipo na mradi, sheria au mpaka mpya: "Hatukushirikishwa." Msemaji huyo anaijua vizuri kauli ya kutendesha, na anajua yuko upande gani wa kitenzi. Ni jambo la kutafakari kwamba neno lililopewa lengo la mwisho la umoja wa Afrika Mashariki, yaani shirikisho la kisiasa, ndilo linaloalika swali la nani amemshirikisha nani.

Muungano, kwa sababu nyingine, halikuweza kutumika kwa urahisi. Tangu tarehe 26 Aprili 1964, nchini Tanzania neno hilo lina maana mahususi, nalo huandikwa kwa herufi kubwa: ni Tanganyika na Zanzibar. Likabaki jumuiya, neno lenye asili ya Kiarabu, lisilobeba ndani yake kauli ya kutendana wala ya kutendesha. Neno hili lina historia ya unyenyekevu. Ni jumuiya ndogondogo za Wakristo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Ni jumuiya za chama, za wazazi, za wanawake na za vijana. Katika matumizi hayo yote, mwanajumuiya hujulikana kwa jina, huhudhuria kikao na hutoa mchango anaoweza kuulizia ulivyotumika. Neno hilo lilipopandishwa cheo hadi kuwa jina la chombo cha mataifa, lilipanda na ahadi hiyo, na pengine hakuna aliyekusudia liipande nayo.

Ushirika ni neno lililosahauliwa kabisa katika mjadala huu, ingawa huenda ndilo linalofaa kuliko yote. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambako chama cha ushirika cha wakulima kiliundwa mwaka 1933, hahitaji kufafanuliwa maana yake. Ushirika una hisa, una mizani, una hesabu za mwaka, na una mwanachama anayesimama mkutanoni kuuliza fedha zimekwenda wapi. Hauhitaji wanachama wapendane. Unahitaji mizani iwe mahali inapoonekana.

Na jirani? Katika Kiarabu, jīrān ni wingi wa jār. Kiswahili kililichukua umbo la wingi na kulifanya umoja. Kwa hiyo kila jirani wa Mswahili, kwa asili ya neno, tayari ni wengi.

3. Umoja Ulioogopwa

Mara nyingi historia ya jumuiya huanzwa mwaka 1967, au hurudishwa nyuma hadi umoja wa forodha wa Kenya na Uganda wa mwaka 1917, ambao Tanganyika ilijiunga nao katika miaka ya 1920. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kipindi chenye mafunzo zaidi ni mwisho wa miaka hiyo ya 1920, wakati serikali ya Uingereza ilipochunguza uwezekano wa kuziunganisha nchi zake za Afrika Mashariki chini ya mamlaka moja. Walowezi wa Kenya waliutaka umoja huo kwa matumaini kwamba sauti yao ndiyo ingetawala. Waafrika walioitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge mwaka 1931, miongoni mwao Martin Kayamba kutoka Tanganyika na Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, hawakuunga mkono. Kayamba baadaye aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo. Kamati iliamua kwamba wakati wa umoja haujafika.

Katika miaka hiyohiyo Kiswahili kilikuwa kikitafutiwa sura moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyozihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Nchini Uganda, Gavana William Gowers alipendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alilipinga pendekezo hilo kwa maandishi mwaka 1929, na wamisionari wengi walikuwa upande wake.

Upinzani wa Buganda umeelezwa mara nyingi kuwa ni chuki dhidi ya Kiswahili au majivuno ya Luganda. Maelezo hayo hayatoshi. Kwa Waganda wa wakati ule, lugha hiyo iliyokuja na mapendekezo ya gavana ilikuja sambamba na tetesi za kuunganishwa na Kenya, nchi ya walowezi na ya ardhi iliyochukuliwa. Kukikataa Kiswahili ilikuwa njia ya kuikataa hatima hiyo. Huu ni ushahidi kwamba lugha ya pamoja haizai umoja kwa nguvu zake yenyewe: ikiletwa na mwenye mamlaka pamoja na mpango ambao wahusika hawakuuomba, lugha hiyohiyo huwa dalili ya hatari. Wale wanaodhani kwamba kuenea kwa Kiswahili kutamaliza mashaka juu ya jumuiya wanapaswa kuisoma upya miaka hii.

4. Mzigo wa Mwenzio

Uhuru ulipokaribia, umoja ulibadilika sura. Mwaka 1960 Julius Nyerere alieleza kuwa alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi zipate uhuru zikiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza jijini Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka ulikwisha bila shirikisho. Kilichopatikana ni Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo.

Jumuiya hiyo haikuwa jina tupu. Ilirithi na kuendesha reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege, na makao ya huduma hizo yaligawanywa kwa makusudi: makao makuu ya Jumuiya Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Watunzi wa mkataba walijua donda liko wapi. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi na iliwauzia majirani zake zaidi ya ilivyonunua kwao. Kwa hiyo nchi yenye nakisi iliruhusiwa kutoza kodi maalumu baadhi ya bidhaa za viwandani za jirani yake, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya uwekezaji wake Tanzania, asilimia kama hiyo Uganda, na asilimia 22.5 Kenya.

Kabla ya hapo, makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964 yalijaribu kugawanya viwanda vyenyewe, kila nchi ipewe aina zake. Kenya haikuyaidhinisha. Matairi, ambayo katika mgawo huo yalikuwa ya Tanganyika, hatimaye yalitengenezwa Arusha na yakatengenezwa pia Nairobi, kila upande kwa kiwanda chake.

Mzigo wa mwenzio, Waswahili husema, ni kanda la sufi. Methali hiyo inaieleza miaka ya 1970 vizuri kuliko taarifa nyingi za kamati. Tanzania iliona kwamba soko lake linavilisha viwanda vya jirani. Kenya iliona kwamba mapato yake yanayabeba mashirika ya wengine. Kila mmoja aliuona mzigo wake ni jiwe na wa mwenzake ni sufi, na hapakuwa na mizani iliyokubaliwa na wote. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya marais watatu, iliyokuwa chombo cha juu cha uamuzi, haikukutana tena. Si sahihi, hata hivyo, kumtwisha Amin kifo chote cha Jumuiya. Ugomvi wa mgawo ulimtangulia, na ungedumu hata asingekuwepo.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilivunjika, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Mali na madeni viligawanywa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Waliosalia nje ya mgawo huo, kwa miaka mingi, walikuwa wafanyakazi. Watu waliotumikia reli, bandari na posta waliendelea kudai mafao yao hadi karne ya 21, na nchini Tanzania madai hayo yalifika mahakamani. Katika Kiswahili cha magazeti ya huko walipata jina refu la ajabu, wastaafu wa "iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki", jina ambalo kitenzi rejeshi chake kiliganda na kuwa sehemu ya nomino. Ni wachache sana waliowahi kuuona mkataba ulioanzisha chombo kilichowaajiri, kikawahamisha kutoka Kisumu hadi Tabora, kisha kikatoweka.

5. Jumuiya ya Pili na Mipaka ya Lugha

Mkataba wa sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Dibaji yake ina jambo lisilo la kawaida katika maandishi ya aina hii: inataja kwa nini jumuiya ya kwanza ilikufa. Inataja udhaifu wa nia ya kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo wa faida usio na uwiano ulioendelea bila sera za kuurekebisha. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010.

Kwa kigezo cha ramani ya Kiswahili, upanuzi huu una mantiki. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo, na mashariki ya nchi hiyo ndiyo lugha ya soko na ya kambi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Somalia ina wasemaji wake wa jadi, Wabajuni na watu wa Barawa. Lakini ramani hiyohiyo inaonya. Goma husema Kiswahili, na Januari 2025 ilitekwa na waasi wa M23, ambao Kongo inaishutumu Rwanda kuwaunga mkono, shutuma ambayo Rwanda imeikana. Nchi zote mbili ni wanachama. Kikosi cha Jumuiya kilichopelekwa huko mwaka 2022 kilikuwa kimekwishaondoka mwishoni mwa 2023. Kati ya Rwanda na Uganda, mpaka wa Gatuna ulifungwa kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaondoa zuio kwa masharti. Atakayejenga hoja ya jumuiya juu ya udugu wa lugha peke yake atakuwa amejenga juu ya mchanga.

Hoja iliyo imara zaidi ni ya ushirika: kwamba njia ya reli, ziwa, ugonjwa wa mifugo na mvua havifuati mipaka iliyochorwa na wakoloni, na kwamba gharama ya kila nchi kuvishughulikia peke yake ni kubwa kuliko gharama ya kukaa pamoja na kugombana. Hoja hiyo, lakini, inamlazimu anayeitoa aonyeshe hesabu, na hesabu inahitaji lugha.

Hapa ndipo penye ugumu. Kifungu cha 137 cha Mkataba kilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kikapewa nafasi ya kuendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Maneno ni ya heshima, na utekelezaji umekuwa wa mwendo wa kinyonga. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ilianza kazi mwaka 2015, ingawa itifaki yake ni ya mwaka 2007. Bunge la Jumuiya lilipitisha azimio mwaka 2016 la kutaka Kiswahili kiwe lugha rasmi, na wakuu wa nchi wamechukua hatua za kukitambua hivyo pamoja na Kifaransa. Katika muda huo Kiswahili kimepokewa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019 na kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Haipendezi kusema kwamba kilikaribishwa ugenini kabla ya kuandaliwa kiti nyumbani, lakini ndivyo ilivyo.

Kazi iliyobaki si ya kisiasa tu. Ni ya istilahi pia, na iko mikononi mwa idara za Kiswahili. Mfano mmoja utatosha. Miongoni mwa kanuni za Mkataba imo ile inayoruhusu wanachama dhaifu kiuchumi kutekeleza wajibu kwa kasi tofauti na wanachama wenye nguvu. Kwa kanuni hiyo, tangu 2005 hadi 2010 baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipiwa ushuru unaopungua mwaka hadi mwaka zilipoingia Uganda na Tanzania, huku bidhaa za nchi hizo zikiingia Kenya bila ushuru. Hili ndilo jibu la Mkataba kwa ugomvi wa 1977. Ndiyo mizani yenyewe. Je, kanuni hiyo iitweje? Usawa haifai, kwani kinachoelezwa ni kutokuwa sawa. Upendeleo lina harufu ya dhuluma. Kutolingana ni sahihi kimsamiati lakini halimwambii msikilizaji kwamba kutolingana huko kumekusudiwa na kuna kikomo. Pengine mgawo wa kadiri, yaani kila mmoja kwa kadiri yake, lingekaribia zaidi, kwa sababu mzungumzaji analielewa kabla hajafafanuliwa. Neno likikosekana, muuza sabuni wa Namanga atauona ushuru huo kuwa uonevu, na mwenzake wa upande wa pili ataona kuondolewa kwake kuwa uonevu mwingine.

Hali ni hiyohiyo kwa mpangilio wa kisiasa uliokubaliwa mwaka 2017 kama hatua ya mpito kabla ya shirikisho, ambamo kila nchi hubaki na dola lake huku mambo machache yakiendeshwa kwa pamoja. Kiswahili bado hakijatulia kwenye jina moja la mpangilio huo, na wengi huuita shirikisho tu. Wananchi walipoulizwa mwaka 2006 na 2007 kuhusu kuharakisha shirikisho, wengi nchini Tanzania hawakuafiki haraka hiyo, na ardhi ilikuwa miongoni mwa hofu zao kubwa. Miaka mitatu baadaye Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi katika sheria za kila nchi. Hofu ilikuwa imesikika. Lakini hadi leo katika vijiwe vya kahawa watu wanabishana kama ardhi imo au haimo, na ubishi huo usingekuwepo kama kifungu husika kingesomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mara moja.

Kifungu cha 30 cha Mkataba kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki nchi, au chombo cha Jumuiya, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, iwapo sheria au kitendo kinakiuka Mkataba. Hahitaji ruhusa ya serikali yake. Ni haki kubwa kuliko zote alizopewa mtu wa kawaida katika maandishi ya umoja huu, na muda wake ni mfupi: miezi miwili tangu jambo litendeke au mlalamikaji alijue. Kifungu cha 46 cha Mkataba huohuo kilitamka kwamba lugha rasmi ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Mchuuzi wa Kigoma aliyezuiliwa samaki wake, au mkulima wa Mbale aliyezuiliwa mahindi yake, ana siku sitini hivi za kulitambua kosa, kulipata jina lake katika Mkataba, na kumtafuta wa kumwandikia.